Mgodi Una Umri Wake: Namna ya Kumsaidia Mwanao wa Chuo Kupanga Kazi

Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Kahama mwaka 2009, mwaka ambao mgodi wa Buzwagi ulitoa dhahabu yake ya kwanza, alikuwa hajamaliza kidato cha sita mgodi huo ulipofungwa mwaka 2021. Miaka 12 tu. Katika miaka hiyo watu walijenga nyumba za kupangisha, wakafungua maduka ya vifaa, na wazazi wengi wakajiapiza kwamba mtoto atasoma "mambo ya madini" ili aje aajiriwe pale pale jirani na nyumbani. Leo eneo lile limetangazwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi, na mtoto mwenyewe ndiyo kwanza yuko chuoni au amehitimu juzi.

Mwongozo huu ni wa mzazi wa Kahama, Msalala, Mbogwe, Geita, Kishapu au Shinyanga mjini ambaye mwanawe yuko chuo na yeye mwenyewe hajui amsaidie vipi zaidi ya kutuma pesa. Si lazima uwe umesoma. Mzazi wa darasa la saba anaweza kuyafanya yote yaliyoandikwa hapa, na mengine atayafanya vizuri kuliko msomi, kwa sababu anajua watu na watu wanamjua.

Hatua ya kwanza: jua anasoma nini, kwa jina kamili

Ukimuuliza mzazi mnadani mtoto wake anasoma nini, mara nyingi atakutajia mji. "Yuko Dodoma." "Yuko Dar, mwaka wa pili." Hapo ndipo pa kuanzia. Mpigie simu siku ambayo hakuna habari ya ada, umwambie: "Mama, leo sina shida na pesa. Nieleze kozi yako inaitwaje, inachukua miaka mingapi, na ukimaliza unaitwa nani." Akijibu kwa Kiingereza kitupu, mwambie akueleze kwa Kiswahili mpaka uelewe. Kama hawezi kukueleza wewe kazi yake ni ipi, hataweza kumweleza mwajiri, na mazoezi ya kujieleza ataanzia kwako.

Swali la pili ni hili: baada ya cheti cha chuo, kuna nini kingine? Wazazi wengi hudhani mahafali ndiyo mwisho wa gharama, kisha wanashangaa. Mhitimu wa uhandisi hatambuliki kuwa mhandisi kwa shahada peke yake. Anatakiwa asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na bodi hiyo ina mpango wa miaka 3 wa mafunzo kazini chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Anayesoma uhasibu ana mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, mbele yake. Anayesoma sheria akitaka kuwa wakili ni lazima apite Shule ya Sheria. Daktari ana mwaka wa utarajali. Haya yajue mtoto akiwa mwaka wa kwanza, wakati bado una muda wa kujipanga, usiyasikie siku umeshauza ng'ombe wa mwisho kwa ajili ya joho.

Na kama mazungumzo hayo yataonyesha kwamba kozi ilichaguliwa kwa kubahatisha, msikilize kabla ya kugomba. Dirisha la kuhama kozi ni fupi na huwa mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Akikaa kimya kwa kukuogopa, litafungwa.

Hatua ya pili: tenganisha kazi na mgodi

Mzazi wa ukanda huu akisema "nataka awe mgodini", ametaja mahali. Kazi bado hajaitaja. Ndani ya mgodi mmoja kuna fundi umeme, muuguzi, mhasibu, mpima ardhi, mjiolojia, mpishi, mtu wa maabara, ofisa mazingira, dereva wa mitambo na ofisa ununuzi. Mgodi ukitikisika, hawa hawaanguki sawasawa.

Tazama Bulyanhulu. Machi 2017 serikali ilizuia makinikia, yaani mchanga wenye madini, kusafirishwa nje ya nchi, na ilipofika Septemba mwaka huo kampuni ya Acacia, iliyokuwa na mgodi huo, ilitangaza kupunguza shughuli pale. Watu walirudi nyumbani wakiwa na vyeti vile vile na mikono ile ile waliyokuwa nayo wiki moja kabla. Hakuna aliyekuwa amekosea kazini. Barrick ilipoichukua Acacia mwaka 2019, na kampuni ya Twiga ikaundwa serikali ikiwa na hisa asilimia 16, shughuli zilianza kurudi taratibu, lakini familia haiwezi kula "taratibu" kwa miaka miwili au mitatu. Aliyekuwa na ufundi unaohitajika kwingine alihamia kwingine. Aliyejua kazi moja ya sehemu moja alikaa kusubiri.

Hata mgodi unaoendelea vizuri hubadilisha aina ya watu unaowataka. Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 kwa mashimo ya wazi. Mwaka 2016 ukaanza uchimbaji wa chini ya ardhi katika eneo la Star and Comet, baadaye Nyankanga, na lile shimo kubwa la wazi la Nyankanga uchimbaji wake ukafika mwisho. Kuendesha lori kubwa juani ni kazi moja, kufanya kazi chini, penye mifumo ya hewa, nguzo na mitambo ya kuchoronga miamba, ni nyingine. Kijana anayeingia mwaka wa kwanza leo atahitimu baada ya miaka 3 au 4. Aulize mgodi utataka nini wakati huo. Wanachotaka leo kinaweza kuwa kimepitwa.

Kwa hiyo, kwa kila kazi mtoto anayoitaja, muulize: "Mgodi ukifungwa, kazi hii utaifanyia wapi?" Mwache ajibu mwenyewe, aandike angalau sehemu tatu. Wa umeme wa viwandani atataja viwanda vya kuchambua pamba, mashine za mpunga Kahama, TANESCO, hospitali, reli ya kisasa inayojengwa kati ya Mwanza na Isaka. Wa uchenjuaji madini ana njia nyembamba zaidi, ila nazo zipo: mitambo ya kuchenjua marudio iliyotapakaa Geita na Kahama, maabara za kupima sampuli Mwanza, ofisi za Tume ya Madini. Kozi kuwa nyembamba si dhambi. Hatari ni kuingia bila kujua kuwa ni nyembamba, kwa hiyo wa njia hiyo aongeze ujuzi wa pembeni mapema, kama usalama kazini au kuchambua takwimu kwa kompyuta.

Jambo moja zaidi kabla ya kutoka hapa. Usipange maisha ya mtoto kwa matangazo ya redioni. Nikeli ya Kabanga kule Ngara ilijulikana tangu miaka ya 1970, na mkataba wa ubia kati ya serikali na mwekezaji ulisainiwa mwaka 2021. Mradi unaweza kuwa wa kweli kabisa na bado usimkute mwanao akiwa kijana.

Hatua ya tatu: fungua daftari la watu

Mzazi asiye na cheo hapa ana mali ambayo hajawahi kuihesabu. Nunua daftari la kawaida la kurasa 40. Kaa na mwanao likizoni, baada ya chakula cha usiku, muandike majina ya kila mtu mnayemjua anayefanya kazi ya kulipwa au anayejiajiri. Msichague. Mwenye karasha pale Nyarugusu, fundi anayekuja kurekebisha pampu kwenye duara la wachimbaji wadogo, mhasibu wa kiwanda cha pamba, muuguzi wa kituo cha afya, binti wa jirani aliyeajiriwa halmashauri, shemeji anayesambaza mboga kwa kampuni ya chakula inayohudumia mgodi, mzee wa kanisani aliyestaafu mgodi wa Mwadui. Mbele ya kila jina andika anafanya nini na nani katika familia anamfahamu vizuri.

Kisha chagueni watu wachache wanaokaribiana na anachosoma, na hapa ndipo kazi yako ya mzazi ilipo: wewe unafungua mlango kwa simu, mtoto anaingia peke yake. Usiende naye ukaanza kumsemea. Asemacho kinaweza kuwa kifupi hivi:

"Shikamoo mzee. Mimi ni mtoto wa mama Maganga wa Bugarama, nasoma mwaka wa pili uchenjuaji madini. Siombi kazi. Naomba nije nikuone nusu saa unieleze kazi yako ya kila siku ikoje."

Maneno "siombi kazi" yana nguvu kuliko yanavyoonekana. Watu wenye kazi wamechoka kuombwa, na anayekuja kuuliza tu humlegeza moyo mwenyeji. Akifika aulize mambo ya kawaida: siku yako inaanzaje, ulipoanza ulilipwa vipi, nini hukukijua kabla ya kuingia, vijana wanaotoka vyuoni wanakosea wapi, ungekuwa mimi ungejifunza nini mwaka huu. Akirudi nyumbani aandike alichosikia, akusomee. Nusu saa ya fundi anayejua mtambo kwa mlio wake inaweza kubadilisha mawazo ya mtoto kuliko semina nzima.

Geita kuna Maonesho ya Teknolojia ya Madini, yaliyoanza mwaka 2018 na ambayo kwa kawaida hufanyika Septemba au Oktoba katika viwanja vya Bombambili. Wazazi wengi huenda kuangalia ngoma. Mpeleke mwanao apite kibanda kwa kibanda na daftari lake, awaulize wauza mitambo, mabenki, shirika la madini la serikali STAMICO na Tume ya Madini wanaajiri watu wa aina gani.

Hatua ya nne: fildi ipangwe kuanzia Januari

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo vijana wengi wa huku wanapopoteza nafasi. Mafunzo kwa vitendo ya vyuo vingi huangukia likizo ndefu ya katikati ya mwaka. Mwanafunzi anayeanza kutafuta nafasi mwezi wa sita anakuta migodi mikubwa imeshajaza, kisha anaishia ofisi yoyote itakayompokea, anapiga chapa barua na kuchemsha chai, na kitabu chake cha kumbukumbu za kila siku kinasainiwa mwishoni bila mtu kukisoma.

Januari mtoto achukue barua ya utambulisho chuoni. Wewe nyumbani andaa barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inayothibitisha kwamba familia inaishi hapo. Kwa vijiji vinavyozunguka mgodi barua hiyo ina uzito, kwa kuwa sheria na kanuni za madini za miaka ya karibuni, zikiwemo kanuni za mwaka 2018 za ushiriki wa Watanzania, zinaubana mgodi uwape kipaumbele Watanzania na ushirikiane na jamii inayouzunguka. Haimhakikishii nafasi. Inamfanya aonekane.

Aombe sehemu kadhaa, kubwa na ndogo, na usimruhusu adharau ndogo. Kijana wa uchenjuaji anaweza kujifunza mengi kwenye kituo cha mfano cha STAMICO kule Lwamgasa, kilichowekwa kwa ajili ya wachimbaji wadogo. Anayesoma kemia au mazingira ana swali zito la kufanyia utafiti huku huku: zebaki inayotumika kwenye mialo, ambayo Tanzania imejifunga kuipunguza iliporidhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Utafiti wa mwaka wa mwisho uliofanywa kwenye jambo halisi la nyumbani ni kitu cha kuweka mezani siku ya usaili. Wa biashara na uhasibu asikimbilie benki tu. Soko la madini la Geita, lililofunguliwa mwaka 2019, na wafanyabiashara wanaoingia pale wanahitaji watu wa kutunza hesabu.

Pesa ya fildi ipangwe mapema. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ana kipengele cha mafunzo kwa vitendo, lakini mara nyingine huchelewa kuliko kodi ya chumba. Kama mna ndugu Geita mjini au Kakola, mwombeni mapema, na mtoto aende na kilo zake za mchele na adabu yake.

Kuhusu binti, sema wazi kabla hajaondoka. Baadhi ya wasimamizi hudai ngono ili wampe mwanafunzi nafasi, alama au saini. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inakitaja kitendo hicho kuwa kosa. Mwambie: "Mama, mtu akikutaka hivyo, nipigie hata saa nane usiku. Sitakuuliza ulivaa nini." Namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Binti anayejua kwamba baba yake yuko upande wake anaweza kuondoka kwenye ofisi hiyo siku ya kwanza. Asiyejua hukaa kimya mpaka mwisho wa fildi.

Akimaliza, mambo mawili: namba ya simu ya msimamizi aliyemfundisha vizuri iingie kwenye daftari, na ujumbe wa shukrani utumwe wiki hiyo hiyo.

Hatua ya tano: zungumzeni kuhusu duara kabla halijaitika

Kila mzazi wa Geita, Mbogwe au Msalala analijua hili. Kijana anakuja likizo, mlipuko wa dhahabu unatokea mahali, wenzake aliosoma nao msingi wanarudi na pikipiki mpya, na chuo kinaonekana kama kupoteza muda. Kumkataza kwa ukali hakusaidii, hasa kama ada yenyewe imetoka kwenye duara hilo hilo. Uchimbaji mdogo ni kazi halali, una leseni yake, na unalisha nyumba nyingi.

Ninachoshauri ni kumwekea hesabu mbele yake. Mchukue kwa watu wazima waliokaa kwenye kazi hiyo miaka kumi au zaidi, wale waliopata na wale waliokosa, awaulize mgao ukoje, gharama za matimba, maji na chakula ni kiasi gani kabla ya kupata kifusi cha maana, na mwenye duara hubaki na nini mwezi usio na kitu. Halafu muweke makubaliano: likizo anaweza kwenda, lakini kwenye kazi inayogusa masomo yake, kama kutunza kumbukumbu za uzalishaji, kupima sampuli, hesabu za karasha au usalama. Asishuke chini. Tarehe ya kufungua chuo ibaki pale pale hata kama mwamba umeanza kutoa. Na kama ndoto yake ni uchimbaji, basi ipangwe kama kazi: leseni ndogo ya uchimbaji inatolewa kwa Watanzania, na mtu aliyesoma jiolojia au uhasibu akarudi kuendesha leseni ya familia anaweza kufika mbali kuliko anayebahatisha. Mpango wa namna hiyo ni mpango kamili. Usiuite kushindwa.

Hatua ya sita: mpangilie pesa, na ukatae kununua kazi

Mwanafunzi mwenye mkopo hupewa bumu la chakula na malazi, ambalo tangu mwaka 2022 linahesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa siku. Linakuja kwa mafungu, na fungu la kwanza huisha haraka kwa simu mpya na viatu. Muulize wiki ya kwanza, kwa upole, amegawaje. Kati ya pesa hiyo na yako, kiasi kidogo kitengwe kwa ajili ya kazi: nauli ya usaili, kozi fupi, kupiga muhuri wa wakili kwenye vyeti.

Kisha kuna "koneksheni". Mtu atakuja nyumbani kwa heshima, atakunywa maziwa yako, atakwambia ana mtu wake ndani ya mgodi au serikalini na kwamba laki tano zinatosha. Usitoe. Nafasi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, maombi hufanyika bure kwenye mfumo wake wa intaneti, na tangu mwanzoni mwa 2025 hata walimu waliitwa kwenye usaili badala ya kupangiwa moja kwa moja kama zamani. Kampuni ya maana haichukui hela ya mwombaji. Laki tano hizo zingemsafirisha mwanao kwenye usaili wa kweli mara kadhaa, na akikosa bado angerudi na uzoefu.

Hatua ya saba: mwaka wa mwisho na miezi ya kusubiri

Nyaraka zianze kukusanywa mwaka wa mwisho unapoanza: namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na sita, wasifu wa kurasa mbili usio na uongo. Majina yote yafanane. "Juma" hapa na "Jumanne" pale humkwamisha mtu miezi, na kurekebisha kunahitaji kiapo na safari za ofisini.

Baada ya kuhitimu ajisajili TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, kinachowaunganisha wahitimu na waajiri na pia na nafasi za mafunzo ya uzoefu kazini. Posho ya mafunzo hayo ni ndogo. Akipata nafasi ya kujifunza kitu halisi, msaidie kuishi ili asiiache kwa sababu ya nauli.

Akirudi nyumbani kusubiri, kaeni mkubaliane muda. Mfano, miezi sita: kila wiki anatuma maombi kadhaa, anajifunza kitu kimoja, na anashika kazi moja ya nyumbani yenye hesabu, iwe ufugaji, duka au mpunga, kwa kumbukumbu za maandishi. Usimlinganishe na binamu yake aliyejenga. Usimwite "msomi" kwa sauti ile ya kejeli mbele ya wageni. Na binti asianze kusikia habari za mahari kwa sababu tu ameshinda nyumbani miezi mitatu. Kijana anayeonewa aibu nyumbani huondoka kwenda popote, na kazi ya kwanza anayoikimbilia ni ya kumtoa machoni pako.

Kila mwisho wa mwezi kaeni nusu saa na daftari. Ameomba wapi, nani amejibu, nani hajapigiwa. Kama maombi yote yanakataliwa bila usaili, tatizo liko kwenye wasifu au kwenye aina ya nafasi anazoomba. Mtafuteni mmoja wa wale wa kwenye orodha ausome. Kama anaitwa lakini hapiti, mazoezi yafanyike sebuleni, wewe ukiwa mwajiri.

Mwisho ni deni. Marejesho ya mkopo wa Bodi huanza miezi 24 baada ya kuhitimu. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na aliyejiajiri naye anadaiwa, kiwango cha chini kikiwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Aangalie salio lake kwenye akaunti yake ya Bodi, aandike tarehe ya kuanza kulipa, na mkubaliane mapema kama kazi ya nyumbani ndiyo itakayolipa mwezi wa kwanza endapo ajira itakuwa bado haijapatikana.